Pupa asiye na pupa: majina ya mbu kabla hajaota mbawa

Msimu mmoja wa mvua ilibandikwa karatasi ya afya hapa Mkomani, ukutani jirani na msikiti, ikiwa na picha ya mbu aliyechorwa mkubwa kama paka. Chini yake iliandikwa kwamba dawa inayotiwa kwenye mapipa na matangi huua mabuu ya mbu. Watu waliisoma wakapita. Siku ya tatu bibi mmoja wa mtaani alinisimamisha ndiani. "Mwalimu, hebu nambia. Buu la mbu ni lipi? Mimi buu nalijua la samaki aliyeoza." Mjukuu wake alikuwa amechungulia pipa lao akaona vijidudu vikijipindapinda ndani ya maji, naye bibi alikuwa amekwisha kumtoa wasiwasi: hao ni wadudu wa mai tu, hawana neno.

Swali lile lina uzito kuliko linavyosikika. Kiswahili bibi anakijua kuliko aliyeiandika karatasi. Taabu ni kwamba neno alilopewa halikumpeleka kwenye kitu alichokiona kwa mato yake, na kwa hivyo pipa likabaki vilevile. Kwa kuwa safu hii ni ya lugha nitaanza na maneno, ila wasomaji mnivumilie, leo tutalowa kidogo.

Mbu, kama nzi, nondo na kipepeo, hupitia hali nne. Huanza yai. Kisha huwa mdudu wa majini asiyefanana na mamake hata kidogo. Kisha hupita hali ya kugeuka, na baadaye ndio apate mbawa. Kwa hali ya pili pwani yetu ina neno lake zamani, nalo ni kiluwiluwi. Limeundwa kwa mtindo ule ule wa kimulimuli, kizunguzungu na kigelegele, yaani kipande kimoja kinarudiwa ili sikio lipate mwendo au mlio wa kitu. Ukilitamka polepole unamwona mdudu mwenyewe, luwi kushoto, luwi kulia. Mtu aliyewahi kuchungulia mtungi hahitaji kufafanuliwa.

Kasoro ya neno hili, kama ni kasoro, ni kwamba linabeba watoto wawili. Kiluwiluwi ni mtoto wa mbu na pia ni mtoto wa chura, yule mwenye kichwa kikubwa na mkia. Wote wawili huishi majini, wote huenda kwa kutikisika, na wote hubadilika sura wakishakua. Aliyewaita jina moja alikuwa akitazama tabia, hakuwa akipanga wanyama kwa koo. Katika mazungumzo haileti shida, maana hakuna anayetafuta chura ndani ya tangi la bafuni. Katika kitabu cha sayansi inatosha kusema kiluwiluwi wa mbu na kiluwiluwi wa chura, mambo yakaisha.

Buu ni kitu kingine. Buu kwa watu wa hapa ni mnene, hana miguu, mweupe mweupe, hujisogeza ndani ya nyama au samaki aliyeharibika. Ni mtoto wa nzi. Watunzi wa istilahi walipotafuta neno la jumla la lava, yaani mdudu yeyote aliyetoka yaini na bado hajageuka, wengi walilichukua buu wakalitanua. Si vibaya kutanua neno. Lugha zote hufanya hivyo. Lakini aliyelitanua buu hakwenda kuuliza kama mwenye pipa atalitambua. Na mambo yamevurugika zaidi, kwa sababu vipo vitabu vya shule ambamo kiluwiluwi ndiye lava na buu ndiye hali inayofuata, ya tatu. Mwanafunzi aliyesoma kitabu kimoja na mwalimu aliyesoma kingine wanaweza kubishana kutwa nzima wakidhani wanabishana kuhusu mbu. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo lenye hatari.

Tuanze na yai. Anofelesi, mbu wa malaria, hutaga yai moja moja juu ya maji, na kila yai lina maboya mawili ya hewa ubavuni. Kuleksi, yule anayetuimbia masikioni usiku, huyagandanisha mayai yake kwa makumi na mamia yakawa chelezo kidogo kinachoelea. Aedesi, mwenye madoa na mistari myeupe miguuni na anayeuma mchana, hayaweki juu ya maji kabisa. Huyagandisha kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na hapo yanaweza kukauka miezi kadhaa yakabaki hai. Maji yakipanda yakayagusa, yanaanguliwa. Kwa hivyo kumwaga maji ya mtungi peke yake si dawa. Ukimwaga leo ukajaza kesho, umeyanywesha mayai. Chombo husuguliwa kuta zake. Wazee waliokuwa wakisugua mitungi kwa mtanga na makumbi walikuwa wakiyakwangua mayai, wawe walijua au hawakujua.

Kiluwiluwi akitoka yaini ni kama nukta ya wino. Kazi yake ni kula na kukua. Ngozi yake haitanuki kufuatana na mwili, basi huivua: mara tatu akiwa bado kiluwiluwi, na mara ya nne anapogeuka. Mdomoni ana vinywele kama vya ufagio vinavyopepea na kumkusanyia mwani, vijimelea visivyoonekana kwa jicho na uchafu uliooza. Ingawa yuko majini hapumui kama samaki. Lazima apande juu kuvuta hewa. Kuleksi na Aedesi wana mrija wa kupumulia upande wa mkia, kwa hiyo huninginia kichwa chini miguu juu, ingawa miguu yenyewe hawana. Anofelesi hana mrija huo, hulala bapa chini ya uso wa maji kama mtu aliyejinyosha kitandani. Ukivigonga vyombo kidogo kwa kidole wote hutimka kwenda chini, luwi luwi luwi, kisha baada ya muda pumzi huwarudisha juu mmoja mmoja. Kwa joto la pwani yetu safari ya kutoka yai hadi mbu huchukua kama siku 7 hadi 10 chakula kikiwapo.

Sasa, si viluwiluwi wote ni watulivu wa kupepea mwani. Wapo wanaokula wenzao.

Anayejulikana zaidi ni wa jamii ya Toxorhynchites, na wa kwetu Afrika Mashariki ni Toxorhynchites brevipalpis. Wazungu wengine humwita mbu tembo kwa ule mdomo wake mrefu uliopinda kuelekea chini kama mkonga. Huzaliana katika mashimo ya miti yenye maji ya mvua, visiki vya mianzi na, siku hizi, matairi mabovu. Jike hatui kutaga. Huelea angani mbele ya shimo, akicheza juu na chini, kisha akalirusha yai majini akiwa bado anaruka. Kiluwiluwi wake ni mkubwa, mwekundu wa kahawia, na mdomoni badala ya ufagio ana taya za kushikia. Hakimbizi mawindo. Hukaa kimya hadi mwenzake apite karibu, akamkamata kwa mtupo mmoja wa kichwa, akamtafuna. Katika maisha yake huwamaliza makumi kwa makumi, hata mamia wakiwa wadogo. Wakikosekana wa kabila nyingine, huwala ndugu zake, na ndiyo sababu katika shimo dogo mara nyingi utamkuta mmoja tu aliyenenepa.

La ajabu zaidi liliandikwa Uganda. Mwaka 1963 Corbet na Griffiths walichapisha waliyoyaona kwa mbu huyu, na miongoni mwake ni kwamba kiluwiluwi akikaribia kugeuka huanza kuua bila kula. Huwakamata waliomo, huwabana, huwaacha wakielea. Maelezo yanayotolewa na wataalamu ni kwamba anasafisha nyumba. Hali inayomngoja ni ya kutoweza kujitetea, na aliyebaki hai ndani ya shimo, hasa ndugu yake mwenye taya kama zake, anaweza kumtafuna.

Na yote haya humletea faida ukubwani. Akitoka na mbawa zake za kung'aa, jike wa Toxorhynchites haumi mtu. Hunywa maji matamu ya maua, maana protini ya kutengenezea mayai aliishaikusanya utotoni kwa kula wenzake. Mbu wetu wa kawaida walikula mwani utotoni, kwa hiyo jike huja kwetu kutafuta damu. Mtu akiniuliza kwa nini mbu anauma, jibu langu fupi ni kwamba alikula vibaya alipokuwa kiluwiluwi.

Jina la Kiswahili la kiluwiluwi huyu sijakutana nalo kwenye kamusi. Napendekeza kiluwiluwi mbuai. Mbuai tunalo tayari kwa mnyama mkali anayekula wanyama wengine, na kulitumia kwa mdudu wa sentimita moja na ushee hakulivunjii heshima. Litamfaa pia Lutzia tigripes, jamaa wa karibu wa Kuleksi, ambaye ameenea Afrika na viluwiluwi wake pia huwawinda wenzao katika madimbwi, mitaro na matangi. Kusema kiluwiluwi mla wenzake inafaa kwa kuelezea, ila ni ndefu kwa istilahi, na kusema buu mla nyama, kama nilivyowahi kuona mahali, kunamrudisha bibi yetu kwenye samaki wake aliyeoza.

Kuna waliomfikiria mbuai huyu kama askari. Miaka ya 1950 alichukuliwa Toxorhynchites brevipalpis kutoka Afrika akapelekwa Hawaii ili awapunguze mbu wa huko, na akakaa. Mbu wengine hawakwisha. Askari huyu hukua polepole kuliko mawindo yake, hupenda kivuli cha shimo la mti, wala hatagi katika kila kopo la kila nyumba kama anavyofanya Aedesi. Anasaidia pale anapopenda mwenyewe.

Mbu ndiye nimemshika kwa sababu Lamu hatuna vijito. Kwenye maji yanayokwenda kuna jamaa zake wengine wenye mbawa mbili, na wa kutajwa ni usubi. Kiluwiluwi wa usubi (hapo neno linanitatiza kidogo, maana huyu hafanyi luwi luwi, hujigandisha mahali) hushikilia jiwe au jani katikati ya mkondo, akitega vipepeo vya mdomoni vichuje chakula. Aina moja, Simulium neavei, ilikuwa ikileta upofu wa mtoni magharibi mwa Kenya, na kwa muda mrefu watafiti walitafuta watoto wake kwenye mawe wasiwaone. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza wanakokaa: juu ya gamba la kaa wa mtoni. Kampeni ya kutia DDT mitoni ilikuwa imekwisha kuanza miaka ya 1940, na iliendelea hadi usubi huyo akatoweka Kenya, na upofu wa mtoni ukatoweka naye. Aliyekuwa akiwaumiza watu alikuwa mkubwa anayeruka, lakini alishindwa akiwa mtoto majini.

Turudi Mkomani, maana mji huu ulikuwa na mbuai wake wa kufuga. Nyumba za kale za mawe zina birika bafuni, na misikiti ina birika za kutawadhia. Hapa niseme kwa wasomaji wa bara: birika letu si lile la chai. Ni hodhi lililojengwa kwa mawe na chokaa, na jina lake latokana na Kiarabu birka, ziwa dogo au dimbwi. Birika la chai latokana na ibriki, chombo cha kumiminia. Maneno mawili ya Kiarabu yalikutana katika Kiswahili yakavaa kanzu moja, na ndiyo maana Mnairobi akisikia kwamba Lamu watu huweka samaki ndani ya birika hushtuka.

Na ni kweli wakiweka. Samaki wadogo walitiwa majini wale viluwiluwi, na katika birika nyingi bakuli la kaure lilijengewa sakafuni kabisa ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Wageni hupenda kuyapiga picha mabakuli hayo kwa sababu ya Uchina, wakidhani ni pambo. Lilikuwa pambo, sikatai, lakini lilikuwa na kazi. Mwenye birika lile hakuhitaji karatasi ukutani. Alijua kwamba wale wadudu wa mai wana neno, na neno lenyewe ni mbu. Ujuzi huo ulikaa ndani ya birika. Birika nyingi zilipokauka, tukahamia pipa la plastiki na tangi la juu ya dari, samaki hawakuhamia nasi, na mjukuu anayechungulia pipa leo hana cha kumwonyesha kwamba kiluwiluwi ni adui.

Hali ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kiluwiluwi akivua gamba la nne hatoki mbu. Hutoka kitu kilichojikunja kama alama ya mkato, kichwa na kifua vimeungana vikawa bonge, na mkia umepinda chini yake. Hapumui tena kwa mkia. Ana vipembe viwili kifuani ndivyo anavyovutia hewa. Ukimgutusha hubingirika kwenda chini, kwa hiyo yu hai na yu macho, tofauti na wa nondo au kipepeo anayelala ndani ya kifuko. Lakini hali kitu. Mdomo hana. Ndani yake mwili wa kiluwiluwi unavunjwa na kujengwa upya: miguu sita, mbawa, mdomo wa kudungia. Kwa siku kama 2 hukaa hivyo, kisha mgongo hupasuka, na mbu husimama juu ya ganda lake tupu kama nahodha juu ya mashua mpaka mbawa zikauke.

Wanasayansi humwita pupa, neno la Kilatini la mwanasesere, na Kiswahili kimelikopa kama lilivyo. Wapo wanaolichukia neno hili kwa sababu pupa tunayo yetu, ile ya mtu anayeparamia chakula au kazi kwa haraka na ulafi. Tukaambiwa mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Na hapa lugha imetuchezea, maana kati ya hali zote za mbu, asiyekula ndiye aliyepewa jina la ulafi.

Mimi silichukii. Sarufi yetu inatosha kuwatenganisha. Pupa ya ulafi ni ya ngeli ya I-ZI: pupa yake, pupa hii imemponza. Pupa wa mbu ni kiumbe mwenye uhai, basi hufuata A-WA: pupa wake, pupa huyu amepasuka. Nikisema pupa hana pupa, hakuna msomaji anayepotea. Kinachopoteza watu ni kumwita pupa buu, na buu lilelile likaitwa lava ukurasa wa pili.

Nieleze hatari yenyewe. Dawa mojawapo inayotumika sana duniani dhidi ya viluwiluwi ni bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti, iliyogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev. Haiui kwa kugusa. Kiluwiluwi huila pamoja na chakula chake, vipande vya protini vilivyomo vikayeyuka tumboni vikampasua utumbo. Sasa fikiria: aliyeacha kula hafi kwa dawa ya kuliwa. Pupa hali, kwa hivyo Bti haimgusi. Hata kiluwiluwi aliyekaribia kugeuka, ambaye ameanza kupunguza kula, huponyoka. Mtu akitia dawa Jumatatu akawaona mbu wapya Jumatano, si lazima iwe dawa ni mbovu au ameuziwa unga. Huenda hao walikuwa pupa siku ile. Anatakiwa arudie kwa muda aliopangiwa, au amwage maji na kusugua chombo.

Karatasi inayosema dawa huua mabuu, ikasomwa na aliyefundishwa kwamba buu ni pupa, inamwahidi jambo ambalo dawa haiwezi. Akiona haikuwa, anaacha kutia. Na aliyefundishwa kwamba buu ni la samaki, kama bibi, haanzi kabisa. Ningependa karatasi zijazo ziandike hivi: dawa huua viluwiluwi, haiui pupa. Maneno matano, na kando yake michoro miwili, mmoja wa aliyenyooka, mmoja wa aliyejikunja. Picha ya yule mbu mkubwa kama paka inaweza kuondolewa. Mbu mkubwa tunamjua.

Atakayesema nafanya mzaha wa maneno kwenye jambo dogo, namkumbusha mwaka 2004. Mwaka ule Lamu ilikuwa katika ukame. Maji yakawa adimu, watu wakayaweka ndani kwa siku nyingi katika kila chombo, na vyombo hivyo havikupata nafasi ya kumalizwa na kusuguliwa. Aedesi akastawi. Katikati ya mwaka watu walianza kuanguka kwa homa na maumivu ya viungo, wengine wasiweze kukunja vidole wala kusimama baada ya kusujudu. Ilikuwa chikungunya. Mwezi Oktoba watafiti walipima damu za watu wa kisiwani wakakuta kwamba kama asilimia 75 walikuwa wameambukizwa, wakakadiria watu 13,500. Mitaa ya Mkomani na Langoni, ambayo ina historia yake ya kupingana, safari hiyo iliumwa pamoja.

Haikuishia hapa. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa Mombasa, mapema mwaka 2005 ikawa Komoro, kisha visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Kisiwani Réunion, kati ya 2005 na 2006, zaidi ya theluthi ya wakazi waliugua, na huko kirusi kilipata badiliko dogo lililomwezesha jamaa mwingine wa Aedesi, Aedes albopictus, kukibeba vizuri zaidi. Mwaka 2006 India iliripoti wagonjwa zaidi ya milioni moja. Njia ile ilikuwa ya majahazi ya kale, ila safari hii abiria alipanda ndege.

Jina lake nalo limesafiri, na njiani limebandikwa lebo isiyo yake. Utasoma mara kwa mara katika magazeti ya nje kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Sivyo. Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza kitabibu kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule, katika maandishi ya Robinson na Lumsden ya mwaka 1955. Neno ni la Kimakonde, kutokana na kitenzi chenye maana ya kujikunja au kukunjamana, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda. Kiambishi chi- cha Kimakonde ndicho ki- chetu, kama Mmakonde anavyokiita Chimakonde kile tunachokiita Kimakonde. Ndugu wa karibu, kweli, lakini ndugu si mtu yule yule. Wamakonde wapewe neno lao.

La kwetu lipo, tena la zamani zaidi. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika kuhusu homa iliyozagaa huko mwaka 1870, na wazee wakamwambia walishaiona mnamo 1823. Waliiita kidinga pepo. Wapo wataalamu wanaoona kwamba kidinga hicho ndicho kilichovuka bahari kikaenda kuwa dengue katika Kispania cha Karibi, na wapo wanaosema dengue ni neno la Kispania kwa asili. Lililo wazi zaidi ni dalili zenyewe. Christie alieleza maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu baada ya homa kuondoka, na kwa sababu hiyo wataalamu wa baadaye wamedai kwamba homa ile ya Unguja haikuwa dengue ya leo bali chikungunya. Ikiwa ni hivyo, Waswahili walikuwa na jina la chikungunya tangu kabla ya Newala, kisha jina hilo likahamia ugonjwa mwingine. Leo Tanzania husikia na kuandika kidingapopo kwa maana ya dengue. Pepo amekuwa popo, naye popo hahusiki na ugonjwa huo kwa lolote.